MINYOO WEKUNDU WA MATOPE: TUWAUE AU TUWASIKILIZE?



Tangu mvua ilipopungua, maneno yamekuwa mengi katika mabweni juu ya minyoo wekundu wanaoonekana katika mfereji, kule chini ya mahali pa kuoshea sahani. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanasema ni minyoo ya tumbo iliyotoka ndani ya mtu. Wengine wanasema ni damu iliyopata uhai. Wengine tena wamekwisha kuomba chumvi na majivu jikoni, ili wawaue wote siku ya posho wakati wa salongo. Sisi wa mwaka wa sita tuliombwa kueleza jambo hili katika gazeti letu, kwani tumelisoma katika biolojia, tena tumechota yale matope na kuyatazama kwa macho yetu. Tunaomba musome mpaka mwisho mbele ya kumwaga chumvi.

1. NI NYAMA GANI HAWA?

Kwanza tuondoe woga. Hawa si minyoo ya tumbo, hata kidogo. Mnyoo wa tumbo anaishi ndani ya mtu na kula chakula cha mtu. Mnyoo wa matope anaishi chini ya maji na kula matope. Ukimtia katika tumbo hawezi kukaa humo. Yeye ni ndugu wa nyungunyungu, wale tunaowachimba shambani kwa kuvulia samaki. Muangalie vizuri: mwili wake umegawanyika pete nyingi, na katika pete kuna nywele fupi ngumu zinazomsaidia kushika udongo. Nywele hizo si nyingi, njo maana wataalamu wanaita kundi hili oligokete, neno la Kigiriki lenye maana ya «wenye nywele chache».

Anayejulikana kuliko wote anaitwa Tubifex tubifex. Alielezwa mwaka 1774 na Otto Friedrich Müller, mtaalamu wa Denmark. Jina ni la Kilatini: tubus ni mrija, facere ni kufanya. Basi tubifeksi ni «mfanya mirija», kwa sababu anajijengea kijumba kama mrija katika matope. Wa pili ni Limnodrilus hoffmeisteri, anayepatikana karibu dunia nzima. Wa tatu ni Branchiura sowerbyi, mwenye matamvua katika mkia. Huyu alielezwa na Frank Beddard mwaka 1892 kutoka katika birika la mayungiyungi ndani ya bustani ya London, lakini kwao ni nchi za joto za Asia. Inaonekana alisafiri pamoja na mimea, bila kulipa tikiti.

Kutofautisha tubifeksi na limnodrilo kwa macho tu haiwezekani. Inafaa mikroskopi, na kutazama nywele na viungo vya uzazi. Kwa hiyo hatusemi kwamba minyoo ya mfereji wetu ni Tubifex hasa. Tunasema ni wa jamaa yao. Vitabu vya zamani vinaita jamaa hiyo Tubificidae. Siku hizi wataalamu wanaiweka ndani ya jamaa ya Naididae. Mwenye kuona majina mawili katika vitabu viwili asishangae.

Tena kuna mwingine mwekundu anayewadanganya watu. Huyu ana kichwa wazi, ana vijiguu vifupi, na akiogelea anajikunja kama namba 8. Si mnyoo, ni mtoto wa mdudu anayeruka, mfano wa mbu asiyeuma. Wote wawili wanakaa pamoja katika matope, na wote wawili ni wekundu kwa sababu moja, nayo tutaisema sasa.

2. KICHWA CHINI, MKIA JUU

Mutu wa kawaida anaweka kichwa juu na miguu chini. Mnyoo huyu amegeuza mambo. Kichwa kiko ndani ya matope, kinakula. Mkia uko nje, katika maji, unayumbayumba mchana na usiku. Sababu gani?

Sababu ni hewa. Chini katika matope hakuna oksijeni, au iko kidogo sana. Juu, katika maji, iko zaidi. Mnyoo hana mapafu. Anapumua kwa ngozi yake yote. Basi anatoa mkia nje na kuuyumbisha ili maji mapya yapite. Oksijeni ikipungua, anatoa mkia mrefu zaidi na kuutikisa zaidi. Mukiona mfereji umejaa mikia inayocheza kama nyasi katika upepo, mujue maji yale yana shida ya hewa.

Wekundu wake unatokana na hemoglobini, ile inayofanya damu yetu kuwa nyekundu. Kwetu inakaa ndani ya chembe za damu. Kwake inaelea katika maji ya damu yenyewe. Inashika oksijeni hata pale ilipo chache. Na kama oksijeni inakwisha kabisa, anaweza kuvumilia kwa muda kwa kupata nguvu bila oksijeni, lakini si siku zote.

Jaribuni wenyewe. Mukae kimya kando ya mfereji, kisha mmoja apige mguu chini. Mikia yote inapotea mara moja. Ngojeni kidogo, inarudi mmoja mmoja. Yeye hana macho kama yetu, lakini mtikisiko anausikia. Mnyama mwenye kuacha mkia wake nje mbele ya samaki lazima awe mwepesi.

Kuhusu kuzaa: kila mnyoo ni dume na jike pamoja. Mayai yanawekwa ndani ya kifuko kidogo katika matope, na watoto wanatoka wakiwa na umbo la minyoo tayari. Tena tubifeksi, maji yakikauka, anaweza kujikunja na kujifunika ndani ya ganda, akingoja maji yarudi. Kwa hiyo mwenye kusema «kiangazi kitawamaliza» hajawajua.

3. KAZI YAO KATIKA MATOPE

Mwaka 1881 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu juu ya nyungunyungu na namna wanavyotengeneza udongo wa juu wa mashamba. Watu wengi walijua Darwin kwa mambo mengine, lakini kazi hii ya nyungunyungu aliifuata miaka mingi. Jambo aliloliona shambani, wengine walikuja kuliona pia chini ya maji.

Mnyoo wa matope anakula chini, mara nyingi kati ya santimeta 2 na 10, na anatoa mavi yake juu, kwa sababu mkia uko juu. Ni kama watu wanaochimba kisima: ndoo kwa ndoo, udongo wa chini unakuja kulala juu. Matope yaliyokuwa juu jana yanafunikwa, yanashuka polepole, mpaka yanafika tena mdomoni. Punje kubwa za mchanga hawezi kuzimeza, basi zinabaki chini, na udongo laini unapanda. Mnyoo mmoja ni bure. Lakini katika meta moja ya mraba wanaweza kufika maelfu mengi, na hapo kazi inaonekana.

Faida ni nini? Mirija yao inaingiza maji yenye oksijeni ndani ya matope. Bakteria wanapata nafasi ya kuozesha takataka. Chumvi za naitrojeni na fosfori zilizofungwa chini zinarudi katika maji, na mimea inazitumia. Samaki wa chini, kama kambale, wanapata chakula. Wanafunzi wanaopenda kambale siku ya Mungu, wasiwatukane minyoo.

Lakini kuna upande wa pili. Kama mto ulipokea sumu zamani, kwa mfano madini mazito kutoka katika kiwanda, na sumu hiyo ikafunikwa na matope mapya, minyoo wanaweza kuirudisha juu. Tena sumu inaingia mwilini mwao, na kutoka kwao inaingia kwa samaki. Kitu kilichozikwa chini ya maji hakijazikwa kabisa.

Tuongeze habari moja iliyotufurahisha. Ralph Brinkhurst, aliyefanya kazi Canada, na wenzake walichunguza aina tatu za minyoo hii katika miaka ya 1970. Walitaka kujua namna gani aina tatu zinakaa pamoja katika matope mamoja bila kufukuzana. Waliona kwamba wote wanameza matope yaleyale, lakini kila aina inasaga tumboni bakteria wake. Mavi ya mmoja ni meza ya mwingine. Wakiwa pamoja wanakua vizuri kuliko kila aina peke yake. Tunaliacha jambo hili kwa wale wanaogombana katika bweni juu ya nafasi ya kitanda.

4. SHAHIDI WA MAJI MACHAFU

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe. Kwa nini wamejaa chini ya mahali pa kuoshea sahani, na juu yake tuliona wachache tu?

Fuateni hatua kwa hatua. Tunaosha sahani. Mabaki ya fufu, maharagwe, mafuta na maganda yanaingia katika mfereji na kulala chini. Bakteria wanayala. Bakteria wakila wanatumia oksijeni ya maji. Oksijeni ikipungua, wanyama wanaohitaji hewa nyingi, kama kamba wadogo na watoto wa wadudu wengi wa maji, wanakufa au wanaondoka. Nani anabaki? Ni yule mwenye hemoglobini na mkia wa kupumulia. Anakuta chakula tele, na maadui wengi wamekwisha kukimbia. Basi anazaa na kujaa.

Munaona sasa? Minyoo hawakuleta uchafu. Uchafu ndio uliowaita.

Mfano mkubwa ni Ziwa Erie, kati ya Marekani na Canada. Upande wa magharibi wa ziwa lile matope yalijaa watoto wa mdudu anayeitwa Hexagenia. Mtoto anakaa matopeni muda mrefu. Mkubwa anaruka na kuishi siku moja au mbili tu. Miji na viwanda na mashamba vilizidi kumwaga uchafu ziwani. Mwaka 1953, wakati wa joto na upepo kutulia, oksijeni ya chini ilikwisha na Hexagenia wakafa kwa wingi. Wataalamu Carr na Hiltunen walilinganisha matope ya mwaka 1930 na ya mwaka 1961: Hexagenia walikuwa karibu kwisha, na minyoo ya oligokete walikuwa wameongezeka sana. Baadaye watu walisafisha maji ya mifereji yao mbele ya kuyamwaga, na katika miaka ya 1990 Hexagenia walianza kurudi. Ziwa lililoonekana kama limekufa lilipona, kwa sababu watu walifunga mlango wa uchafu. Hakuna aliyetia chumvi.

Kwa ziwa lile walitumia kipimo hiki: minyoo 100 mpaka 999 katika meta moja ya mraba, uchafu mdogo, 1000 mpaka 5000, uchafu wa katikati, zaidi ya 5000, uchafu mkubwa. Wataalamu wengine, Goodnight na Whitley, walipendelea kuhesabu nyama wote wa matope: kama katika 100 minyoo ni zaidi ya 80, maji ni mabaya sana, kati ya 60 na 80, ni ya mashaka, chini ya 60, afadhali. Vipimo hivi vilitengenezwa kwa maji ya kule. Kwetu vinaweza kutusaidia kulinganisha mahali na mahali, si kutoa hukumu ya mwisho.

Hesabu ni rahisi. Chukua kipande cha matope cha santimeta 10 kwa 10, osha katika chandarua laini, mimina katika sahani nyeupe, hesabu. Kipande hicho ni sehemu ya 100 ya meta ya mraba. Ukipata minyoo 60, zidisha mara 100: ni 6000.

Lakini jihadharini na kosa hili: «Hakuna minyoo, basi maji iko safi.» Hapana! Mahali penye mawe na maji ya mbio minyoo hawa hawakai, hata kama choo kiko juu yake. Mahali penye sumu kali ya madini hawakai pia, kwa sababu wamekufa. Na mikrobi wa kolera haonekani kwa macho. Minyoo ni shahidi wa uchafu unaooza. Shahidi huyo akinyamaza, hatujui bado.

5. KWETU AFRIKA

Wenzetu wasifikiri kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Katika vinamasi vya mafunjo vya Afrika ya mashariki na ya kati anaishi mnyoo mkubwa anayeitwa Alma emini. Chini ya mafunjo majani yanaoza, na oksijeni karibu hakuna. Mtaalamu L. C. Beadle, aliyefundisha Makerere katika Uganda, aliandika mwaka 1957 namna mnyoo huyu anavyopumua. Anatoa mkia juu ya maji na kuukunja kama mfereji mdogo, ngozi ya ndani ikiwa na damu nyingi. Ni kama pafu la kukunja na kukunjua. Akishuka anaweza kubeba hewa humo, kama mtu anayebeba maji katika viganja.

Na tutazame maziwa yetu makubwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1470, lakini oksijeni inashuka mpaka meta 100 hivi upande wa kaskazini, na karibu 200 upande wa kusini. Ziwa Kivu lina kina cha meta 485, na chini ya meta 60 hivi hakuna oksijeni. Maana yake, sehemu kubwa ya matope ya maziwa haya haina mnyoo hata mmoja. Hata tubifeksi hawezi kuishi bila hewa maisha yote.

Kwa hiyo matope ya kina cha Tanganyika yamelala tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu, kwa kuwa hakuna mtu wa kuyageuza. Wataalamu wanatoa nguzo ya matope na kusoma ndani yake habari za mvua na ukame wa zamani. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwa njia hiyo kwamba ziwa linapozidi kupata joto, maji ya juu na ya chini yanachanganyika kidogo zaidi, na eneo la chini lenye oksijeni linapungua. Konokono na nyama wengine wa chini wanakosa makao, na samaki wanapungua. Hayo si ya minyoo peke yake. Ni ya sahani zetu.

6. JE, HAWANA UBAYA?

Wanao, tusiseme uongo. Mwaka 1984, kule Marekani, Ken Wolf na Maria Markiw walionyesha kwamba ugonjwa mmoja wa samaki aina ya truta, unaowafanya wazunguke kama wenye kizunguzungu, unapita ndani ya tubifeksi mbele ya kuingia kwa samaki. Kwa miaka mingi watu hawakujua namna gani samaki anaambukizwa. Lakini ugonjwa huo ni wa samaki, haushiki watu.

Hatari ya mfereji wetu haiko katika minyoo. Iko katika maji wanamokaa. Maji yanayolisha minyoo kwa mabaki ya chakula yanaweza kubeba pia mikrobi wa kolera na wa kuhara. Na tunajua kwamba wadogo wengine wanachota bido zao kule chini. Tunajua pia sababu: njia ya chemchemi ni ndefu, na wakubwa wengine wakifika wanapita mbele ya mstari. Mtoto amengoja, kengele inalia, anakwenda kuchota mferejini. Akiugua tutasema ni minyoo. Si minyoo, ni mstari.

7. BASI TUFANYE NINI?

Chumvi na majivu: hapana. Vitaua minyoo wa juu na nyama wengine pamoja nao. Vifuko vya mayai vimo matopeni, na wengine watashuka na maji. Maadamu chakula kipo, watarudi. Tunapendekeza hivi:

Kwanza, siku ya posho tuchimbe shimo la kupokea maji ya sahani, mbali na mfereji, tutie mawe na kokoto ndani. Maganda na mabaki yaende kwenye shimo la mboji, yatafaa bustani ya mboga.

Pili, hakuna kuchota maji ya kunywa mferejini. Maji ya kunywa ni ya chemchemi, na yachemshwe au kutiwa dawa. Katika mstari wa chemchemi, kuanzia sasa, aliyefika kwanza achote kwanza, hata kama ni wa mwaka wa kwanza na nyuma yake amesimama mtu wa mwaka wa sita. Sisi tutakuwa pale kila asubuhi kuangalia.

Tatu, choo kipya kikichimbwa, kiwe meta 30 au zaidi kutoka mahali pa maji, tena upande wa chini.

Nne, kila mwezi wanafunzi wawili wa kila kalasi wahesabu minyoo mahali pawili: juu ya jikoni na chini yake. Namba zitaandikwa katika gazeti hili. Kama shimo letu linafanya kazi, hesabu ya chini itashuka polepole na nyama wengine watarudi. Kama haishuki, tutajua kwamba bado kuna mtu anayemwaga.

Wazee wanasema: mficha maradhi, kifo kitamfichua. Minyoo hawa wamefichua uchafu wetu mapema, bila kuomba mshahara. Ukimuua shahidi, kesi haijakwisha.

Siku ya posho, saa mbili asubuhi, tukutane nyuma ya jikoni na majembe. Chumvi ibaki kwa mupishi.